Siku Kogo Alipoisugua Pikipiki

Mwanangu Kiprotich,

Mvua ya mchana imepita, na ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Hapa nilipoketi siuoni hata mti wa uani, nausikia tu ukidondosha maji. Wewe umekwenda kuwaaga wajomba zako, nami nimepata nafasi ya kuandika kabla hujarudi ukaniuliza naandika nini. Kesho lori la Bwana Nathu litatufikisha stesheni ya Lumbwa. Ukishaingia ndani ya gari la moshi, likishaondoka kabisa, ndipo uifungue barua hii. Usiifungue mbele yetu. Utacheka, na kicheko chako ni kikubwa, kitanitoa machozi nami nimevaa nguo nzuri.

Habari za sabuni, blanketi na mahali pa kuficha nauli sitaandika. Baba yako amekueleza mpaka hata mbuzi wanajua. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho tulichofundishwa kuandika pale misheni, sisi akina mama, jioni baada ya shamba. Katika darasa lile mimi ndiye niliyekuwa mbele ya wote. Waulize. Mwandiko wangu ulipitishwa mkono kwa mkono wenzangu wautazame, na mwalimu akasema, "Mama, wewe ungezaliwa karibu na shule ungekuwa karani." Nikamwambia, "Basi nitamzaa karani." Ndiye wewe, ingawa mikono yako siku zote ina grisi.

Unakwenda kufanya kazi kwa Bwana Nathu, katika duka lake jipya la Kisumu. Nimewaambia watu wote wanaokuja kusaga kwetu. Wengine nimewaambia mara mbili, maana mara ya kwanza walijifanya hawakusikia. Wewe unafikiri amekuita kwa sababu unajua kufungua baiskeli na kuifunga bila kubakiza skrubu. Sikatai. Mikono hiyo ni mizuri, umeipata kwangu. Lakini Bwana Nathu aliponijia hapa kukuomba, hakuitaja mikono yako. Alisema, "Mama, fundi napata popote. Mimi nataka mtoto wa nyumba hii."

Kwa nini nyumba hii, hujui vizuri. Umesikia vipande vipande, na baba yako huwa anaviruka vile vinavyonoga. Wakati ule ulikuwa mdogo, umekwenda kwa mjomba wako kuchunga ndama. Siku ile Kogo wako, mama mzazi wa baba yako, alikaribia kupoteza heshima yake katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, mbele ya watu, na aliyeishika heshima hiyo isianguke ni mwenye duka. Nataka uijue yote, kwa maana kuanzia kesho wewe ndiye utakayesimama pale alipokuwa amesimama yeye.

Wakati ule chai ilikuwa bado changa. Milima hii unayoiona imevaa kijani mpaka kiunoni, sisi tuliijua ikiwa udongo mwekundu na miche isiyofika gotini, imepangwa mistari kama nywele zilizosukwa. Asubuhi ukungu ulilala juu yake, ukadhani dunia bado inaumbwa na wewe umeamka mapema mno. Baba yako alikuwa na kinu chake cha maji kule mtoni, na unga wake ulikwenda kwenye kambi za wafanyakazi wa mashamba ya chai. Alitembea kwa miguu, kambi hadi kambi, kuuliza nani anataka unga. Alirudi amechoka, viatu vikavuliwa na mimi.

Halafu akaanza kuzungumza habari za pikipiki. Mwanzo nilimcheka. Kisha nikaiota. Niliiona imesimama malishoni kati ya ng'ombe wetu, inakula nyasi taratibu bila haraka yoyote, na taa yake ikageuka ikanitazama kama mgeni anayesubiri kukaribishwa. Nilipoamka nikamwambia baba yako, "Itakuja."

"Umejuaje?"

"Imeshakula nyasi zetu."

Ng'ombe wakauzwa, lakini hawakutosha. Hapo ndipo Kogo alipomtoa ng'ombe wake mweusi mwenye paji jeupe. Yule hakuwa wa boma, alikuwa wake peke yake, na alikuwa akimwita kwa jina kabla hajawaita wajukuu. Ndugu za marehemu babu yako wakaja kumsema pale pale uani.

"Mwanamke mzee, umebadilisha maziwa kwa moshi?"

Kogo hakuinuka hata kwenye kigoda. "Mwanangu akipita na moshi wake," akawaambia, "nyinyi mtakohoa."

Sasa unaona, Kiprotich. Kwa baba yako pikipiki ile ilikuwa miguu. Kwa Kogo ilikuwa neno alilolisema mbele ya mashemeji. Ikifa, angekuwa amesema upuuzi, naye si mtu wa kusema upuuzi.

Tuliinunua kwa Bwana Nathu, Kericho mjini. Alimfundisha baba yako siku nzima barazani: hapa mafuta, hapa oili, hapa unapiga teke, hapa unafunga. Mimi nilisimama karibu nikasikia yote, na nilishika kuliko yeye, ingawa hatakubali mpaka anaingia kaburini. Kogo alibaki nyumbani. Hakuna aliyefikiri kumwita.

Pikipiki ikafika, ikazunguka kambi zote, ikalia vizuri mpaka mafuta yakaisha. Baba yako akaiacha uani, akaenda mjini na debe. Sisi wanawake wawili tukabaki nayo. Ilikuwa nzuri, mwanangu! Nyeusi, na mstari wa rangi ya dhahabu ubavuni. Kogo akaizunguka, akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akarudi nyuma.

"Chombo kipya," akasema, "na tayari kimenyweshwa kabla hakijasuguliwa. Ndiyo maana kinanuka."

Nikaona ana haki. Wewe unajua kibuyu kipya kinavyotengenezwa. Hakipewi maziwa hivi hivi. Kinasafishwa, kinapitishwa kijinga cha moto ndani, kinasuguliwa kwa makaa ya mti wa senetwet, ndipo maziwa yanalala humo mpaka yanakuwa mursik ya kumpa mgeni. Anayetia maziwa katika kibuyu kisichosuguliwa, watu hawanywi kwake. Na tangi lile lilikuwa nini, kama si kibuyu cha chuma? Lina tumbo, lina mdomo, linatiwa kitu cha maji. Mimi niliyekuwa wa mbele darasani sikuona tofauti.

Kogo alitaka kuanza na kijinga cha moto, kama desturi. Akakileta kinawaka kutoka jikoni, lakini mwishowe akasema ni kinene, hakitapita mdomoni, akakirudisha. Mwanangu, mpaka leo nikikumbuka unene wa kijinga kile nasimama nilipo namshukuru Mungu. Tukatumia makaa peke yake. Aliyasaga yakawa laini kama unga wa kwanza wa kinu, tukayamimina, tukaingiza sosiot, ule ufagio mwembamba wa vibuyu, tukasugua. Mimi nilishika, yeye akasugua, tukabadilishana. Tuliimba. Nje tukaipaka siagi. Baba yako aliporudi aliikuta inang'aa kama fahali wa sherehe, akatusifu, akamimina mafuta, akalala na furaha.

Kulipokucha akaniambia nipande nyuma twende mjini. Nilikuwa mwanamke wa kwanza wa upande huu wa Kabianga kupanda pikipiki, na sijasikia mwingine akidai. Niliketi kiubavu, mkono mmoja kiunoni mwa baba yako, mwingine umeshika kitambaa cha kichwa. Ukungu ulikuwa umejaa bondeni na barabara ilipita juu yake, hata nikaona kama tunapaa, kama chini yetu hakuna nchi, kuna maziwa tu, na ile milio ya pikipiki inatoka mbali, inatoka kwa watu wengine. Tulipita wafanyakazi wakipalilia chai. Nikawapungia mkono. Si hivi tu, mwanangu. Niliwapungia polepole, kama mke wa gavana.

Hapo hapo ikafa.

Ilikohoa, ikapiga chafya, ikanyamaza. Ukimya ule sijausikia tena. Nilisikia umande ukidondoka kwenye majani ya chai. Baba yako akapiga teke, akapiga tena, na wale niliowapungia mkono wakaweka majembe chini, wakamwita baba yako.

"Arap Tonui! Mpe majani, ana njaa!"

"Mama, shuka umkamue, labda matiti yamemjaa!"

Nilishuka. Mkono wangu sikujua niuweke wapi.

Baba yako alitoa jasho mpaka ukungu ukapanda, kisha akasema neno moja: "Mzoga. Mhindi ameniuzia mzoga." Tukaisukuma hadi nyumbani. Kogo alikuwa mlangoni. Aliiona inarudi bila sauti, akaangalia kwanza njia yote nyuma yetu, kama kuna shemeji ameona. Halafu akaishika usukani akaiambia, "Pole."

Siku iliyofuata tukaifunga kwa kamba nyuma ya maksai wawili. Kogo akasema maksai wake hawaendi mjini bila yeye. Akachukua na kibuyu cha mursik. Baba yako akamwuliza, "Mama, tunakwenda kugombana, hicho cha nini?" Akamjibu, "Hata ukienda kugombana, huendi mlangoni kwa mtu mikono mitupu." Basi tukashuka na ukungu, maksai mbele, pikipiki nyuma imeinamisha taa yake, sisi watatu kando yake. Aliyetuona angesema tunakwenda kuzika mtu mwenye mali.

Bwana Nathu umemwona uzeeni. Wakati ule alikuwa vile vile, mfupi, kofia nyeusi, kalamu sikioni. Barazani palikuwa na watu wengi, wengine wa kwetu, wengine wafanyabiashara wa Kikuyu waliokuja kununua baiskeli, na wote waliona maksai kabla hawajaona tunachovuta. Kicheko kikaanza. Baba yako hakungoja afike. Alianza kupiga kelele tukiwa bado barabarani.

"Njoo uone mzoga wako! Umechukua ng'ombe walio hai ukanipa kilichokufa!"

Bwana Nathu akashuka ngazi. Hakusimama juu barazani kumsubiri, alikuja mpaka barabarani penye matope, akashika usukani wa pikipiki upande mmoja, akasukuma pamoja nasi. Kisha, na hapa uwe makini, hakuigusa tena. Kwanza akaita maji kwa ajili ya maksai. Pili akatoa kiti chake mwenyewe nyuma ya meza, akakiweka kivulini, akamwambia Kogo, "Kaa, mama mkubwa." Tatu akaagiza chai. Ndipo akamgeukia baba yako.

"Sasa, bwana. Nipe maneno yote. Usibakize."

Baba yako akampa. Unamjua. Alianza na pikipiki, akaenda kwa biashara za Wahindi wote, akapita kwa serikali, akarudi kwenye pikipiki. Bwana Nathu alisikiliza mikono imefungwa nyuma.

"Umemaliza?"

"Bado!"

"Basi endelea."

Baba yako akafungua mdomo akakuta maneno yameisha. Watu wakacheka, lakini kicheko kilikuwa kimegeuka, hakikuwa kibaya tena. Kogo akaona pametulia, akafungua kibuyu, akamimina mursik katika kikombe cha chai cha Bwana Nathu. Mhindi yule akatazama yale maziwa na vijichembe vyeusi vinavyoelea. Akanywa mpaka chini. Akabaki na weusi kidogo kwenye mdomo wa juu, na hakuna aliyemwambia.

Fundi wake, Onyango, kijana mrefu wa kutoka ziwani, akafungua bomba la tangi, akaweka kitambaa cheupe chini yake. Mafuta yakatoka. Kitambaa kikawa cheusi.

"Mmeona!" akasema baba yako. "Mmeona! Kaniuzia na uchafu wake ndani!"

Onyango akayasugua yale yaliyobaki kitambaani, akanusa, macho yakamtoka. Kicheko kikamjia kooni. Bwana Nathu akamtazama mara moja tu, Onyango akakimeza kicheko chake kizima kizima. Kisha Bwana Nathu mwenyewe akachukua unga ule kati ya vidole viwili. Akautazama. Akakitazama kikombe chake. Akaja karibu na mimi, akasema chini kwa chini, maana aliona kwamba mimi ndiye nisikiaye Kiswahili vizuri kati ya wanawake, "Mama, hii tangi ilitengenezwa kama kibuyu?"

Hapo ndipo nilipofahamu. Nikasema, "Ndiyo. Mimi na yeye."

Na baba yako masikio yake ni makali. Alisikia. Akageuka akamtazama Kogo.

Kogo hakusikia neno hata moja, hajui Kiswahili. Lakini alimzaa mtu yule, anajua macho yake. Aliona mwanawe anamtazama mbele ya watu kama anavyotazamwa mtu aliyeharibu kitu. Nikaona mikono yake inakusanyika mapajani, inajificha ndani ya shuka. Ng'ombe mweusi, maneno aliyowajibu mashemeji, miaka yote ya kumlea mtoto bila mume, yote yalikuwa pale juu ya kitambaa cheupe, yanasubiri mtu mmoja acheke.

Bwana Nathu akahama. Akasimama katikati yao, hata baba yako kama alitaka kumtazama mama yake ilibidi amtazame Mhindi.

"Usimwangalie yeye," akasema. "Niangalie mimi. Mimi ndiye niliuza."

"Lakini yeye..."

"Yeye alipewa chombo kipya, akakifanyia vile mama anafanya chombo kipya. Nani alimwambia hiki ni kingine? Wewe ulimwambia?"

Baba yako akawatazama maksai.

"Mimi nilimwambia?"

Akatikisa kichwa.

"Basi. Mimi nilifundisha mtu mmoja, na chombo kikaenda kukaa na watu wengi. Hapo ndipo nilikosea."

Mtu mmoja wa barazani akauliza kwa sauti, "Bwana Nathu, imekuwaje?" Na Bwana Nathu, akiwa bado na weusi wa makaa mdomoni, akamjibu kwa sauti vile vile, "Duka langu lilisahau kueleza kitu. Tunatengeneza." Hakusema uongo, mwanangu. Nimelipima jibu lile miaka hii yote, na sijaona pahali palipopungua.

Kisha akaniambia, "Sasa mfasirie mama mkubwa. Mwambie ndani ya tangi hakuna uchafu mwingine hata chembe. Mwambie amesugua kuliko mtu wangu yeyote. Lakini huyu mnyama hanywi maziwa. Aje nimwonyeshe koo lake."

Nikafasiri. Nilifasiri vizuri, nikaongeza na kidogo. Kogo akainuka. Bwana Nathu akamwambia Onyango afungue kila kitu mbele yake, polepole, na kila kipande akamwekea Kogo mkononi. Wateja wakangoja. Mmoja akanung'unika, Bwana Nathu akamwambia, "Ngoja, bwana, mwenye mali anatazama mali yake." Walipofika kwenye kile kijitundu ambacho mafuta hupita kwenda kuwaka, chembamba kama tundu la sindano, kimezibwa na makaa yetu, Kogo akakiinua juani.

"Hili ndilo koo?" akaniuliza. "Mnyama mkubwa hivi, koo la chiriku?"

Nikafasiri. Onyango akacheka, na safari hii akaachiwa acheke, kwa sababu Kogo ndiye aliyeanza.

"Mwulize," akasema Kogo, "sasa mimi nimfanyie nini? Siwezi kukaa na kitu nyumbani nisikifanyie kitu."

Bwana Nathu akafikiri sana. Hakumwambia usikiguse. Akamwambia, "Kazi yako ni kifuniko. Mtu akitia mafuta, wewe hakikisha kifuniko ni kikavu na kimefungwa, na moto uko mbali. Moto uwe mbali kabisa, mama." Hapo nikamweleza habari za kijinga. Onyango akakaa chini kwenye ngazi. Bwana Nathu akavua kofia, akaipepea usoni mwake, akaivaa tena.

Pikipiki ikabaki dukani isafishwe yote. Bwana Nathu akamtolea baba yako pikipiki yake mwenyewe ya kutembelea, akamwambia, "Unga wa watu usingoje." Malipo alikataa. Baba yako aliishika ile pikipiki ya watu, akamtazama Mhindi, akamtazama mama yake. Mwishowe akasema, "Mama, panda."

Mimi nikarudi na maksai, peke yangu, katika ukungu wa jioni, na sikujali. Niliwasikia wakipita mbele yangu mbali, sauti ya pikipiki ikizama bondeni na kupanda tena, na katikati yake sauti ya Kogo ikimwamrisha baba yako apunguze. Wale wa palizi waliniambia baadaye kwamba alipita kwao mgongo umenyooka, hakupungia mtu mkono. Ananishinda akili.

Ilipokuwa tayari, Bwana Nathu aliileta mwenyewe kwa lori, pamoja na Onyango. Hakumkabidhi baba yako mpaka amewaita watu wote wa boma, wanawake, wachungaji, hata mashemeji wa Kogo waliokuja kuchungulia. Akawaonyesha wote. Akamwambia Kogo awaeleze habari za kifuniko, na Kogo akawaeleza, akawatazama mashemeji mmoja mmoja. Mvua kubwa ilipoisha, Onyango akaja tena, hatukumwita, akasema ametumwa kuuliza tu kama inalia vizuri. Na tangu siku ile, mtu yeyote wa kwetu akinunua kitu pale, Bwana Nathu humwuliza, "Nyumbani kwako ni nani anayetunza vyombo? Mlete."

Mimi nilijifunza polepole, maana nina ulimi, unajua. Pale kinuni, mwanamke akileta wimbi mbichi mbichi na mawe yakaganda, nilikuwa nampigia kelele mpaka mtoni kunyamaze. Siku moja nikiwa katikati ya kelele hizo nikamwona mama mkwe wake amesimama nyuma yake, ameuficha mkono ndani ya shuka. Ni yeye aliyeuanika wimbi ule, na macho yake hayaoni tena mawingu. Kelele zikaniisha kama zilivyomwisha baba yako. Nikatoa kigoda. Leo nina mkeka wangu wa kuanikia pale pale kinuni, na watu wanatoka hadi Chepseon, wanapita vinu vya wengine, wanakuja kwangu. Najisifu, ndiyo. Nani atanisifu ukishaondoka?

Wewe, Kiprotich, una ulimi huu huu. Juzi yule mama alipoleta baiskeli ya mumewe, magurudumu ameyashindilia nyasi kwa sababu hewa ilikuwa inatoka, ulicheka mpaka ukashika ukuta. Nami nilicheka pamoja nawe, sikukukataza, nisije nikajifanya mtakatifu. Nyasi ndani ya gurudumu! Ilichekesha. Ukaitengeneza vizuri, tena haraka. Lakini nilimwona akiondoka. Aliisukuma baiskeli iliyopona, hakuipanda, wala hakugeuka kuaga.

Huko Kisumu watakujia wengi wanaopiga kelele. Kelele hazitakusumbua, umelelewa na baba yako. Ila kabla hujakifungua chombo chao, tazama ni nani amesimama nyuma yao amenyamaza. Mara nyingi huyo ndiye mwenye shida, na huyo ndiye Bwana Nathu anataka umwone. Amekuomba kwa sababu hiyo. Hajui kama unaweza. Mimi pia, nikiwa mkweli kwako peke yako, sijui bado.

Nitajua kesho. Tangu asubuhi Kogo ananiuliza gari la moshi linakunywa nini, na nimemwambia angoje akuulize wewe, fundi wake. Atakuuliza pale stesheni, kwa sauti yake ile, mbele ya makarani na vijana wa shule wenye kofia, na watageuka wote kukutazama. Utakapokuwa unasoma hapa, utakuwa umeshamjibu. Utakuwa umeinama ukamweleza habari za maji na makaa ya mawe, umemshika mkono ukampeleka mpaka karibu na kichwa cha gari aone mwenyewe. Au utakuwa umecheka ukatazama pembeni. Mimi nitakuwa nimesimama nyuma nimebeba kikapu, nasikia yote.

Nasikia mluzi wako njiani, acha nifunge. Watu wa kinuni nimeshawaambia kwamba ulimjibu vizuri.

Mama yako.